Kila Kazi na Kibuyu Chake

Felicitas alikuwa na vibuyu viwili ukutani. Cha maziwa kilining'inia karibu na mlango. Cha uji kilikuwa ndani, karibu na meko. Siku hizo vyote vilikuwa vikavu. Nje, mbuzi wake watatu walilala wakihema.

Kwao Kiritiri mvua haikuwa imenyesha msimu mzima. Maji yalitoka kisima kimoja, tena kwa zamu. Njoki, binti ya Felicitas, ndiye aliyetengeneza programu ya zamu kwenye kompyuta yake. Programu ilituma ujumbe kwa simu ya kila nyumba: leo ni zamu yako. Mutegi, mlinzi wa bomba la kisima hicho, alimfungulia mwenye ujumbe tu.

Kisha Njoki akapata kazi ya pili, programu ya kanisa moja la mjini Embu. Kazi hiyo ilitaka zana mpya, zile programu ndogo ambazo programu kubwa huzitegemea. Akaziweka, zikafuta zile za zamani. Tangu hapo programu ya maji ikanyamaza.

"Daktari wa mashine, mgonjwa ameamka?" Mutegi aliuliza akipita.

"Bado."

"Basi bomba litabaki limefungwa. Jana watu walipigana kwa mitungi."

"Si uandike zamu kwa mkono?" Felicitas akasema.

"Tuliandika, Mama Njoki. Wanaokaa karibu na kisima wakajiandika wote, hata mbwa wao."

Njoki alirudisha zana za zamani. Kazi ya kanisa ikafa. Akarudisha mpya. Ya maji ikafa tena. Mbuzi mmoja akafa, yule mwenye mimba. Kesho yake, wa pili. Wa tatu naye alipokufa, Njoki alimvuta nje ya zizi, akarudi ndani, akaifunika kompyuta kwa leso.

"Mami, mimi hii kazi siijui. Watafute mtu mwingine."

"Mtu gani? Mbuzi wamekwisha. Sasa tunangoja watu nao wafe?"

Felicitas alimwita jirani yao Gachoki, anayeandika programu mjini Embu. Alikuwa amekuja kumzika shangazi yake. Aliingia na viatu vya mazishi, vumbi hadi magotini.

"Mama Njoki, mbona vibuyu viwili?" akauliza.

"Uji ukiingia cha maziwa, maziwa yanaharibika. Umekaa mjini hadi ukasahau?"

"Sijasahau. Njoki, zana nazo ni vivyo hivyo. Kila kazi iwe na folda yake. Ndani ya folda weka zana za kazi hiyo peke yake. Andika pia majina yake na toleo la kila moja, ili hata kompyuta ikiibwa, uzirudishe."

Njoki hakuinua kichwa. "Nilishafanya hivyo. Tazama." Akafungua kihariri, ile programu anayoandikia. Mistari myekundu ya makosa ilijaa. "Bado kinasema zana hazipo."

"Umekifungua vipi?"

"Nimebonyeza alama yake hapa kwenye skrini, nikafungua faili. Kama siku zote."

"Basi hakijui uko kazi gani. Ni kama mtu anayeingia nyumba yenye giza. Anashika kibuyu kilicho karibu na mlango. Kihariri kimeshika zana za kompyuta nzima. Sasa fungua folda yote ya maji, si faili moja. Kwenye mipangilio ya folda, kionyeshe zana zake zilipo. Hifadhi. Kisha uendeshe programu ukiwa humo humo ndani."

Mistari myekundu ikaondoka. Njoki hakucheka. Alifanya vivyo hivyo kwa folda ya kanisa. Ikaitika. Akarudi kwenye ya maji. Haikufa.

Tangu hapo Njoki hajachanganya zana, na zamu haijakatika. Watoto wa Kiritiri wanaoga kabla ya kwenda shule.

Lakini siku ile ya kwanza, simu ya Felicitas ililia juu ya meza. Leo ni zamu yako. Nje mtu aliita, "Mutegi anafungua!" Mitungi ikagongana njiani.

Felicitas alichukua mtungi mmoja.

"Mami, si huwa unabeba mitatu?"

"Miwili ilikuwa ya mbuzi," akasema, akatoka.