Pumzi Kiganjani

Gracieuse aliingia soko la Nyakasanza na kitenge cha njano, amembebea fundi Étienne radio mbovu ya parokia. Aliweka na daftari lake la Kiingereza mezani. Fundi, bila haya, akalifungua akasoma kwa sauti: "Kaindi-atedi."

"Weye! Ni kind-hearted," Gracieuse akacheka. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza pale parokia. "Ile -hearted ya mwisho inasema mutu iko na roho ya namna gani. Kind ni wema. Basi, mutu wa roho nzuri. Na ile h inatoka na pumzi." Akamwekea kiganja mbele ya midomo. "Pumua hapa."

"Atedi."

"Sijasikia kitu!"

Miezi mitatu Étienne alijaribu, jamani, na kiganja hakikusikia kitu. Mimi naona hakutaka kujua haraka, maana kile kiganja alikipenda mno.

Vita ya wakulima na wafugaji ilikuwa imenyamaza tu, haikuondoka. Baba ya Gracieuse, mzee Anaclet, alibaki shambani Djugu, na alishasema: binti yangu simtoi kwa mwanaume asiyekuja mwenyewe kuomba. Étienne alikuwa wa ukoo wa wafugaji, na tangu vita ndugu zake hawakupita tena njia ya Djugu.

"Nitaenda, chérie," aliahidi kila juma.

Siku moja Gracieuse akachoka, akampigia simu. "Sema kweli. Unaogopa baba ao unaogopa njia?"

"Njia, mupenzi."

"Basi weye ni faint-hearted! Roho ya woga! Usinipigie tena." Akakata.

Siku nne simu ya Étienne haikupatikana. Gracieuse alinuna, kisha akalia.

Siku ya tano mzee Anaclet mwenyewe akatokea parokiani, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Kijana yako alifika, mwanangu. Alipiga magoti kwangu, nikamukubali. Kwa kurudi wakamupiga risasi barabarani. Nimemuleta hospitali."

Gracieuse alikimbia pekupeku, baba yake nyuma. Étienne alimtambua, lakini hata kusalimia hakuweza.

"Nisamehe. Nilisema uongo, unasikia? Uongo mutupu." Akamwekea kiganja mbele ya midomo.

"Hearted," Étienne akasema polepole.

Pumzi ikamgusa, nyepesi, yenye joto.

"Njo vile! Njo vile, umepatia, chéri. Sema tena."

Akangoja pumzi nyingine, haikuja. Hakukitoa kiganja, mpaka mzee Anaclet alipokishika na kukishusha taratibu.