Mti Ulioonja Maziwa

Siku ya tatu udongo ulikuwa bado umelowa.

Judica alichovya kidole kwenye chungu, akakitoa kikiwa cheusi mpaka pingili ya pili, akakunja uso. Mti wa mpira, ule wa kupamba sebule, hautaki maji mengi. Kwenye simu walisema umwagiliwe mara moja kwa wiki, tena kidogo, na yeye tangu aupande hakuwa ameumwagilia hata tone.

"Mama," aliita bila kugeuka, "umemwagia maji mti wangu?"

Mama mkwe wake, Marieta, alikuwa kwenye kigoda mlango wa jikoni anachambua maharage. "Sijaugusa."

"Basi umejimwagilia wenyewe."

Judica alikuwa mwalimu wa sekondari hapo Mbulu mjini, yuko likizo ya uzazi. Nyumba ya vigae ilikuwa yake na mumewe Lukasi, bwana mifugo, ambaye wiki nyingi alishinda bondeni Yaeda Chini. Marieta aliletwa kutoka Maretadu baada ya kuvunjika mguu, na Judica alimvumilia kama mtu anavyovumilia moshi. Shikamoo alimpa kila asubuhi, ila aliitoa huku macho yakiwa kwenye simu.

Maneno yalianzia kwenye udongo. Judica alimwagiza kibarua wao, Akonaay, udongo mweusi, naye akaenda kuuchimba kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima, ambako ni laini kama unga. Marieta aliposikia aliacha kula.

"Udongo wa pale hauchukuliwi," alisema. "Pale pana mwenyewe. Mwambie Akonaay aurudishe."

"Huyo mwenyewe ana hati ya kiwanja?"

"Ni pepo wa maji, mwanangu."

"Majini yako Pwani, mama. Huku yangekufa kwa baridi."

Ikawa imeisha. Kizee hakusoma, angejua nini.

Jumatano Judica aliamua kung'arisha majani. Kwenye simu walisema yafutwe kwa maziwa. Ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha, lakini juu ya meza palikuwa na kikombe cha maziwa aliyojikamua mwenyewe, maana Loveness, binti yake wa miezi miwili, alikuwa ameshiba na matiti bado yamejaa. Akachovya kitambaa humo, akafuta jani moja moja mpaka yakang'aa kama viatu vya mkaguzi.

"Maziwa ya mtoto unaupaka mti?" Marieta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yangemwagwa tu."

"Ungeyamwaga."

Judica alicheka kwa pua.

Kesho yake majani yote yalikuwa yamegeuka. Dirisha lilikuwa nyuma, jua linaingia, na mti ulikuwa umeupa mwanga kisogo, unatazama kiti anachokalia Judica akinyonyesha. Akakizungusha chungu. Kufika saa sita majani yalikuwa yamemgeukia tena. Sebule ilianza kunuka matope na vyura, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, tamu, kama kwapa la mtoto mchanga. Kila siku jani jipya lilichomoza kwenye ala yake nyekundu, wakati mti wa namna hiyo hutoa jani moja kwa wiki kadhaa.

Ijumaa titi la kulia liliamka tupu. Jumapili na la kushoto. Loveness alilia mpaka sauti ikakauka; maziwa ya kopo aliyatapika. Kliniki nesi alimpima, akaandika kwenye kadi, kisha akamtazama Judica kama Judica anavyowatazama wanafunzi wa mkondo wa mwisho.

"Mwalimu," alisema, "mtoto analishwa lakini?"

Jumanne mchana, Marieta amesinzia juani nyuma ya nyumba na mtoto amelala chumbani kwa kuishiwa nguvu, Judica alisikia mtu anameza. Alifikiri ni bomba. Akaenda jikoni, bomba lilikuwa kavu, na sauti ikaendelea, polepole, bila pupa, gudu, gudu, ikitoka sebuleni, naye akarudi akiwa ameshika kisu ambacho hakukumbuka kukichukua, akaona majani yote yanapanda na kushuka pamoja kama kifua cha mtu aliyelala, na kila yaliposhuka alisikia chuchu zake zinavutwa, ingawa hapakuwa na mtu wala kitu mbele yake, mpaka akakata tawi moja kwa hasira, na pale alipokata hapakutoka utomvu wa kunata bali maziwa mepesi, ya moto, yaliyomwagika juu ya vigae na kutambaa hadi mlango wa chumba, na humo chumbani Loveness akaanza kunyonya hewa.

Judica alimfuata Marieta juani, akapiga magoti kando yake.

"Mama," alinong'ona. "Kinaninyonya."

"Nani?"

"Kilicho kwenye mti."

 Marieta alitoa simu yake ndogo mfukoni, akampigia mganga wa Balangdalalu.

Mganga Gidahosh alifika kesho yake mchana, mzee Mdatoga mrefu mwenye fimbo. Judica alimwamkia kwa heshima zote, naye akaitikia marahaba huku anatazama ukuta. Alisimama kizingitini, akanusa, akakataa kukanyaga vigae.

"Nani alikilisha?"

"Mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Majani yang'ae."

 Gidahosh akamgeukia Marieta, kama anayeuliza ni kweli huyu ndiye anayefundisha watoto wa watu.

"Utakibeba mwenyewe," alisema. "Mgongoni, kwa mbeleko, kama mwanao. Umwage udongo wote ulipotoka, uombe radhi. Kilichonyonywa kitarudishwa. Kitarudishwa kwa nani, hilo si langu, wala si lako."

Judica alipita mbele ya maduka akiwa amebeba chungu mgongoni, na wanawake wakaacha kuongea. Majani yalimgusa masikio. Kila hatua mzigo ulizidi, na shingoni alisikia pumzi ndogo ya moto, ya kitu kilichoshiba. Chemchemini alifungua mbeleko, akamwaga udongo, akautupa na mti. Alipoinua macho, mwanamke alikuwa ameketi ndani ya maji hadi kiunoni, nywele zake kavu, kidevuni ana tone jeupe.

"Nisamehe," Judica alisema.

Mwanamke yule alimwangalia kuanzia utosini mpaka miguuni, taratibu, kisha akageuza uso kama vile pale hapakuwa na mtu. Maji yakamfunika.

Judica alirudi mbio. Nyumba ilikuwa kimya na harufu ilikuwa imeondoka. Chumbani, Marieta alikuwa ameketi kitandani, vifungo vya gauni vimefunguliwa, bibi wa miaka sabini na moja, na Loveness alikuwa kifuani pake anameza kwa nguvu, maziwa yanamchuruzika shavuni.

Judica alijishika kifua chake. Kilikuwa kimekauka.

"Usisimame mlangoni, unamletea mtoto upepo," Marieta alisema bila kuinua kichwa. "Niwekee mto mgongoni."

Judica akauchukua mto, akainama.