Glasi ya Obiero

Jioni ile nilitoka kununua mafuta ya taa tu, maana stima ilikuwa imepotea mtaa mzima wa Kianda. Mvua ikanifukuza hadi mlangoni.

Ilikuwa siku ya kumkumbuka Obiero, mume wangu. Alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja mjini, na alipokufa aliniachia chupa ya sheri, mvinyo mkavu uliozeekea kwenye mapipa. Alinifunza kuuonja. Kwanza unanusa, polepole. Ndipo unauweka ulimini. Hauna sukari hata chembe. Unanukia njugu zilizokaangwa, halafu chumvi inakuja, inakaa mdomoni.

"Ukigugumia," alinicheka, "heri ukanywe chang'aa."

Kwao, kinywaji cha marehemu humwagwa nje ya mlango. Hakiwekwi ndani, kamwe, maana hujui ni nani atakayekuja kukinywa. Lakini nje kulikuwa na matope, na binti yetu Whitney yuko Saudia, hupiga simu akikumbuka. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu. Mkono mtupu haulambwi, nikajiambia. Nikamimina glasi mbili mezani.

"Obiero," nikaita. "Karibu nyumbani."

Moto wa koroboi ukayumba. Harufu ya njugu ikajaa chumbani... na chini yake, harufu ya udongo mbichi. Nikafumba macho, nikanusa glasi yangu alivyonifunza. Nilifurahi, sitadanganya.

Gu. Gu. Gu.

Nikafumbua macho. Glasi yake ilikuwa tupu.

Jirani yangu Hayat akagonga ukuta wa mabati. "Mama Whitney," akanong'ona, "uko na mgeni? Nasikia mtu anakunywa kama ng'ombe."

Obiero hakuwahi kugugumia, hata siku moja. Angenusa kwanza.

Kiti cha mbele yangu kikalia, kana kwamba mtu mzito ameketi.

Nilijua la kufanya: mlango, mbio, mayowe. Nikatazama kitanda changu. Nikatazama sahani moja iliyooshwa tangu asubuhi.

"Mama Whitney? Nani huyo?"

"Ni mzee wangu," nikamjibu. "Amerudi."

Upande wa pili, Hayat akakimbilia mlangoni. Nikasikia komeo la mlango wake likifungwa.

Nikamimina tena.

"Polepole," nikakiambia kile kiti. "Nusa kwanza."

Koroboi ikazimika.

Kikanusa. Pumzi ndefu, isiyo na haraka...

Kwenye shingo yangu.

Sikusogea.