Macho ya Bi Kaltham

"Mtende wa Ibra umeingia mdudu. Utibu kabla ya adhuhuri."

Khole akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikarukaruka juu ya mawe ya wadi, bonde lisilo na maji, na bastola yake ya Browning ikagonga chini ya kiti. Seiko yake ilionyesha saa mbili na nusu. Jumatano. Siku ya soko la wanawake.

Mtende, kwa lugha yao ya siri redioni, alikuwa Hamdun, kaka yake wa tumbo moja.

Hamdun alikuwa fundi wa mashine za boti kule Aija, kwenye bandari ya Sur. Aliona masanduku ya bunduki yakiteremshwa, na hakunyamaza. Jumamosi angesimama mbele ya kadhi awataje wenye mzigo. Hadi siku hiyo alifichwa katika kijiji cha Al Qabil, kwa jina jingine na ndevu mpya. Miezi minane. Hata mama yao hakujua aliko.

"Wenye bunduki wamewapiga picha wageni sita wa Al Qabil," sauti ya Khalaf, mkuu wake, ilikoroma redioni. "Mmoja ni Hamdun. Hawajui yupi."

"Watamjuaje?"

"Kwa macho ya mama yako."

Khole akaongeza sauti ya redio.

Khalaf akaeleza. Mzungu mmoja, Madam Ilse, amepanga nyumba kando ya soko. Eti anachunguza namna watu wanavyotazama televisheni. Ukikaa, unapewa chupa ya chai bure. Chini ya Sony yake pana kamera ndogo inayomulika jicho kwa mwanga usioonekana. Kompyuta ya IBM inaandika kila mahali jicho linapotua, na limekaa kwa muda gani.

"Mkamateni basi!"

"Wauaji wake wawili hatujui walipojificha. Tukimgusa, watawamaliza wote sita. Wanangoja namba ya picha tu." Khalaf akashusha pumzi. "Musallam, kijana wetu anayemlinda Hamdun, naye kapigwa picha."

Khole akafikiri kwa mwendo wa kona mbili.

"Basi mwambie Musallam atandike. Wageni watakwenda kwake."

Sokoni Bi Kaltham alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya barakoa, zile za kitambaa zinazofunika uso wa mwanamke na kuacha macho tu, na mwenyewe kavaa moja. Mtoto wa Malindi, Unguja, leo anawauzia Mabedui barakoa! Watu wa Ibra walimcheka, kisha wakanunua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lo, umekonda! Ngoja kidogo, yule Mzungu ananiita nikatazame sinema."

Khole akamvuta nyuma ya marobota ya vitambaa, akamwambia yote kwa sauti ya chini.

"Miye nitayafumba," alisema Bi Kaltham.

"Macho hayana pazia, mama. Ukiona picha ya mwanamume usiyemjua utafanyaje?"

"Nitainamisha macho. Sina haya?"

"Na ukimwona mwanao?"

Ndiyo hesabu ya Madam, mshenzi yule. Wanawake wa Ibra wote waliokaa pale walitazama chini kila ilipotokea sura ya mwanamume. Sasa alimtaka mmoja tu ambaye hatatazama chini.

Bi Kaltham akavua barakoa yake, akamfunga Khole usoni.

"Ficha mikono," alimwambia bintiye. "Ya kwako bado ya kitoto."

Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Madam alitabasamu, akasema Kiarabu cha kitabuni, akamkalisha Khole mbele ya televisheni, kidevu juu ya kibao.

Picha ya kwanza. Khole akatazama chini.

Ya pili. Chini.

Ya tatu ilikuwa Hamdun.

Kakonda, na jicho moja limevimba kwa usingizi. Khole akayateremsha macho.

Ya nne. Chini.

Ya tano, Musallam. Hapo akayaachia macho. Akaikazia ile sura isiyo ya ndugu yake, akaitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudi safari, mpaka machozi yakamtoka. Na yalikuwa ya kweli.

Ya sita, chini tena. Mashine ikaanza kuchapa. Madam hakungoja imalize. Alinyanyua simu.

"Tano," alisema.

Khole akapokea chupa yake ya chai, akashukuru, akatoka.

Saa tano na nusu redio ikakoroma.

"Wawili. Wamevunja mlango wa Musallam, wakakuta askari wanane."

"Musallam?"

"Anakunywa kahawa, alhamdulillahi."

Khole akarudi na askari wawili wa kike. Madam aliiona Browning, kisha akaiona barakoa, akaelewa. Hakupiga kelele. Alimsogezea karatasi tu.

"Picha ya tatu," alisema. "Nukta moja. Nilidhani mashine imekosea."

Ilikuwa katikati ya uso wa Hamdun, ndogo kama mbegu ya ufuta. Khole aliapa moyoni kwamba hakumtazama. Mashine ilimjua zaidi. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Mchukueni."

Sokoni mama yake alikuwa hajauza hata barakoa moja.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Kafuga ndevu. Jumamosi atamaliza, arudi nyumbani inshallah."

Bi Kaltham akafuta uso kwa ncha ya leso.

"Ningekwenda miye, ningemuua mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa kumtazama?"

"Kwa kumtazama."

Khole akaweka barakoa mezani pamoja na chupa ya chai, akabusu mkono wa mama yake, akaenda garini bila kugeuka nyuma.