Kilio cha Mara ya Pili

Mimi ni motard, ninabeba batu na moto, pikipiki yangu, kati ya Butembo na Beni, na hadisi za buchawi zinanichokesha. Lakini hii ilimupata yaya yangu Jokébed, dada yangu mukubwa, na mimi nilikuwa pale, nasimama na miguu yangu.

Ilikuwa siku ya ine ya juma, jua nzuri. Jokébed anatengeneza vipindi vya radio yeye mwenyewe, bila patron: enregistreur moja ya kushika sauti, micro moja, casque ya masikio, na kichwa ngumu. Alikuwa na mutoto mumoja tu, Ornella, wa myaka tano. Ile asubui alimuachia mama yetu, akapanda nyuma yangu, tukaenda Mbau kwenye maziko ya mwanaume mumoja aliyeuawa katika shamba lake la kakao.

Tulifika wakati sanduku linashuka. Mujane wake, Mama Bénite, alitoa kilio kilichonifanya nikamate usukani wa moto kwa nguvu. Jokébed alimusogelezea micro, macho amefunga, anasikiliza mu casque. Batu bakaanza kutawanyika. Njo akaangalia mashine: sifuri. Ile mashine ukiifinya mara moja inakusikilizisha tu. Lazima uifinye tena ndipo inashika sauti. Na ni yeye anafundisha wengine ile kitu.

Ningekuwa yeye, ningerudi nyumbani. Yeye akamufuata mujane mpaka nyuma ya jikoni.

« Mama, pole. Rudilia kulia, kidogo tu. Dakika moja. »

Mama Bénite akafunga kitenge chake vizuri. « Bwana yangu nimeshamulilia, » akasema pole pole. « Hii ingine nitamulilia nani? »

« Lia tu, mama. Batu banapashwa kusikia uchungu. »

Nilimuvuta yaya kwa mukono. Akanisukuma. « Josaphat, acha nifanye kazi. »

Mujane akakaa chini, akavuta kitenge mpaka usoni, akalia. Mimi nilisikia kilio tu, bila jina la mutu. Lakini Jokébed, mwenye casque, midomo ilimukauka. Hakutoa ile casque mpaka dakika ikaisha.

Njiani akaniambia kwa sikio: « Alikuwa anaita Ornella. »

Nikasimamisha moto. Kule Mbau hatukumutajia mutu ile jina, hata mumoja.

« Futa, » nikasema.

« Jina nitakata. Kilio nitaacha. Ni kizuri sana. »

Kizuri. Kwa hilo neno sijamusamehe mpaka leo.

Alifanya vile alisema. Kisha siku mbili, siku ya posho, saa sita ya midi, radio moja ya muji ikapitisha kipindi chake. Sisi wote tulikuwa mezani. Ornella alikuwa anakula fufu na sombe, anacheka juu ya kusikia sauti ya mama yake mu radio. Kisha kilio kikaanza. Mutoto akaacha kutafuna. Akageuka, akaangalia mulango. Mulango ulikuwa umefungwa.

« Nakuja, mama, » akasema.

Mama yake alikuwa kando yake.

Mutoto akaanguka. Kilio kilipoisha mu radio, naye alikuwa ameisha.

Kesho yake tukamuzika. Jokébed akasimama juu ya shimo, akafungua kinywa. Hakuna. Shingo inavimba, mishipa inasimama, kinywa wazi, na sauti hakuna. Hata chozi moja. Batu bakaanza kunong'ona, mama gani huyu. Mama yetu alikuwa anamupiga mugongo: « Lia, binti yangu. Lia. » Hakuweza. Mpaka leo hawezi, hata neno hasemi, na tuko tunamulisha na kijiko.

Mimi nilirudi Mbau na hasira, nikitaka kumupiga ule mujane. Alinipa kiti. Akanipa maji.

« Mimi sikumufanyia ubaya, » akasema pole pole. « Nilimuuliza nimulilie nani. Hakujibu. »

Nikanywa maji, nikaondoka.

Micro iko kwangu sasa. Ile sponji nyeusi inayofunika kichwa chake, siku ya maziko ya Ornella niliikuta inatona maji mu mufuko wa yaya. Nikaikamua, nikaianika juu ya bati. Wiki tatu za jua kali. Kila asubui nikiikamata, imejaa tena. Nilionja mara moja tu. Iko na chumvi.