Pasipoti Zilizoanikwa

Pasipoti tatu zilikuwa juu ya meza ya wakala wa safari, kavu na ngumu kama ngozi iliyosahaulika juani. Viza za utalii zilizobandikwa ndani zilikuwa zimechujuka, zimebaki madoa.

"Ni mshindani wangu!" wakala alifoka. "Mkamate, Inspekta! Wasichana wangu wanaruka kesho kwenda huko Asia ya Kusini-Mashariki. Ubalozi ulitaka tiketi ya kurudi, hoteli, picha, fedha benki. Vyote nilitimiza. Sasa nani atanifidia?"

Inspekta alizinusa pasipoti: sabuni ya unga. Kufuli la droo zilimokuwa zimehifadhiwa lilikuwa zima. Kisha akaona, kwenye jalada la kila pasipoti, alama mbili za kubonyea.

"Mshindani wako angezichoma," alisema. "Huyu amezifua, akazianika, akakurudishia mezani. Adui gani ana huruma hiyo?"

"Kazi yako ni kukamata, si kutega vitendawili."

Mmoja wa wale wasichana watatu alikuwa kwenye benchi, macho yamemvimba kwa kulia. Inspekta akamgeukia.

"Binti, unakwenda kutembea wapi huko?"

"Popote, afande."

"Hoteli yako inaitwaje?"

"Wakala anaijua."

"Utarudi lini?"

"Mkataba ukiisha."

"Funga mdomo wewe!" wakala alinguruma.

Lakini maji yalishamwagika. Mtalii mwenye mkataba!

Inspekta akapita mlango wa nyuma. Uani palikuwa na kamba ya nguo na vibanio vya mbao. Alichukua kimoja, akakibana juu ya zile alama. Kikakaa barabara.

"Nguo za hapa anafua nani?"

"Dada yangu. Anaishi hapo nyuma, namlisha mimi. Anahusikaje?"

Dada mtu alishasimama mlangoni, mwanamke wa makamo, povu hadi viwikoni.

"Mama, ufunguo wa droo uliutoa wapi?"

"Mfukoni mwa suruali yake."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" wakala alipiga kelele, akimnyooshea kidole.

"Na nguo nafua mimi," dada alijibu bila kupepesa macho. "Ndiyo, nimezifua. Ningeweza kuzichoma, ila watoto wa watu wamehangaika kuzipata. Nikasema itoke viza tu."

"Kwa nini?"

"Mwulize binti yangu yuko wapi! Mwaka jana alimpa viza kama hizi, akamwambia kuna kazi ya dukani. Kumbe ni jengo la kufungiwa. Analazimishwa kutapeli watu kwa simu, akigoma anapigwa. Mara ya mwisho aliponipigia alinong'ona, 'Mama, usimwache mjomba alete mwingine.' Simu ikakatika, hadi leo."

"Alikwenda kwa hiari yake!" wakala aliropoka. "Wote wanakwenda kwa hiari! Mimi nawapeleka tu, kinachofanyika ndani ya jengo hakinihusu."

"Kumbe jengo unalijua," Inspekta alisema, akamfunga pingu.

Wakala alitema mate sakafuni. "Na huyu mharibifu je?"

"Atatoa maelezo kituoni." Inspekta akamtazama mwanamke. "Lakini mama, mbona hukutuletea taarifa mapema?"

Akacheka kicheko kikavu.

"Nilikuja. Askari wenu wa kaunta hata kalamu hakushika. Akaniambia, 'Mtalii hapotei, mama, anatembea tu.' Wenzake wakaangua kicheko." Alifuta povu kwenye gauni lake. "Mungu hakucheka. Haya, twende. Safari hii mtaandika."