Barua Iliyokataliwa Mlangoni

"Sisaini! Nimesema sisaini, na wewe mke wangu usisaini!"

Baba aliufunga mlango kwa kishindo.

"Umemfungia mlango tarishi wa mahakama," Bibi alisema, macho kwenye cherehani yake. "Hongera. Umeishinda serikali."

"Mama mkwe, barua isiposainiwa haina nguvu. Kesi ilikwisha!"

Mama alikuwa amekaa mkekani akimsuka binti yake. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa tayari.

Yeye na mumewe walikaa mahabusu miezi kumi na minne kwa kuuza dawa za kulevya. Hakimu aliwapa kifungo cha nje, miaka miwili. Sasa wana wiki tatu nyumbani, na mtoto bado analala ameushika mkono wa mama yake.

"Tuhame leo hii," Baba alisema. "Tuvuke mpaka."

Jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, aliingia bila kubisha hodi. Ukuta ni mmoja. Aliyasikia yote.

"Mwanangu, kusaini ni kusema umeipokea, si kwamba umekubali. Ukikataa, tarishi anaandika umekataa. Rufaa itasikilizwa na wewe hupo."

"Rufaa gani tena? Tulishahukumiwa!"

"Wewe ukiona adhabu ni kubwa, unakata rufaa. Upande wa mashtaka nao ukiona ni ndogo, unakata, na barua hiyo ndiyo taarifa yake. Wale mume na mke mliohukumiwa nao walipata barua yao jana. Wameshakwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria. Halipwi."

"Tutafungwa?" Mama aliuliza.

"Huenda. Huenda pia adhabu ikaachwa ilivyo. Majaji wataangalia mzigo mliokamatwa nao. Wataangalia pia mnavyoishi sasa. Si mnaripoti kila wiki? Wakili aliseme hilo. Mkikimbia, mmelifuta wenyewe."

"Tumeteseka vya kutosha," Baba alinung'unika.

Cherehani ikanyamaza.

"Yule binti wa nyumba ya kona mliyemuuzia," Bibi alisema, "mama yake anamsuka nani leo?"



Mama alivitazama vidole vyake. Kule mahabusu alikuwa akisuka nyuzi za mtandio wake, vidole visisahau. Akampa mtoto kitana.

"Nishikie. Nakwenda mahakamani kuchukua barua. Nikirudi nitamalizia."

"Utarudi kweli?"

"Leo nitarudi. Siku nyingine nikiitwa, nitakuambia ukweli."

"Unamwacha mtoto kichwa nusu?" Baba aliuliza.

"Chake ni nusu, chako sijui ni robo," Bibi alisema. "Vaa viatu."

Mahakamani Mama alisaini kwanza. Baba akafuata. Karani aliwaonyesha tarehe ya rufaa, kisha mlango wa wakili. Wakaingia.

Saa tisa alasiri mtoto alikuwa amekaa kizingitini, kitana mkononi. Mama aliketi nyuma yake, akaanza upande wa pili.

"Mama," mtoto alisema, "usifanye haraka."